Kivuli Kilichogeuka Kisanduku: Kwa Nini Kadi Nzuri Kwenye Kompyuta Huharibika Mashineni

Kadi ya mwaliko imepangwa ikapangika. Mandhari yake ni dhahabu tupu, majina ya maharusi yamekaa katikati, na nyuma ya majina kuna kivuli laini kinachofifia taratibu. Kwenye kompyuta inapendeza. Kadi zinapotoka mashineni, kivuli kimezungukwa na kisanduku ambacho hakuna aliyekichora: pengine cheupe, pengine cha rangi ya haradali iliyochujuka. Msanifu anamlaumu mchapaji, mchapaji anamlaumu msanifu, na mwenye harusi anawalaumu wote wawili.

Hitilafu hii inajulikana katika viwanda vya uchapaji duniani kote, na sababu yake inaeleweka vizuri. Iko pale ambapo uangavu, yaani hali ya kitu kuonyesha kilicho chini yake, unakutana na wino wa rangi maalumu.

Picha nyingi za rangi tunazoziona katika magazeti na vitabu huchapwa kwa wino wa rangi nne: siani, majenta, njano na nyeusi. Kila rangi ina pleti yake, na kila pleti huacha vidoto vidogo ambavyo jicho huvichanganya na kuona rangi kamili. Lakini zipo rangi ambazo nne hizo hazizifikii, kwa mfano rangi ya chungwa iliyo kali sana, au dhahabu na fedha, ambazo mng'ao wake hutokana na chembe za metali zilizomo ndani ya wino wenyewe. Hizo ndizo rangi maalumu. Wino wake huchanganywa tayari kabla ya kutiwa mashineni, kisha hupewa pleti ya peke yake, kama vile kila rangi ya kanga inavyopakwa kwa skrini yake. Mwaka 1963 nchini Marekani, Lawrence Herbert alianzisha mfumo wa Pantone unaozipa rangi hizo namba. Mchapaji wa Mombasa na mwenzake wa Muscat wakiambiwa Pantone 871, wote wawili watatafuta dhahabu ile ile.

Uangavu una asili nyingine kabisa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm, kampuni ya filamu ya Marekani, walichapisha kanuni za kuweka picha moja ya kompyuta juu ya nyingine. Kitu chenye ukolevu wa asilimia 30 kikiwekwa juu ya kingine kilicho kizima, jicho lione asilimia 30 ya rangi ya juu na asilimia 70 ya rangi ya chini. Ni hesabu ya kuzidisha na kujumlisha. Mwaka huo huo kampuni ya Adobe ilitoa PostScript, lugha ambayo kompyuta huitumia kuielekeza mashine namna ya kuchora ukurasa. PostScript haikuujua uangavu. Kilichochorwa baadaye kilifunika kilichotangulia, na lugha hiyo ndiyo iliyokuja kutawala uchapaji kwa miaka mingi.

Kwa hiyo, wasanifu walipoanza kutumia vivuli na tabaka angavu, programu zao zililazimika kubapaza ukurasa kabla ya kuutuma. Kubapaza ni kuukata ukurasa vipande kila mahali vitu vinapopishana, kisha kukipa kila kipande rangi moja isiyoonyesha chini, au kukigeuza kuwa picha. Kwa rangi nne za kawaida kazi hiyo mara nyingi huisha salama. Dhahabu yetu ndiyo inayoikwamisha, na hukwama kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupotea kwa dhahabu yenyewe. Programu inapokosa namna ya kuhesabu kipande chenye kivuli ndani ya pleti ya dhahabu, huibadilisha dhahabu ya kipande hicho kuwa mchanganyiko wa rangi nne. Skrini ya kompyuta haina chembe za metali, kwa hiyo pande zote mbili huonekana sawa. Kwenye karatasi, eneo la nje linang'aa na eneo la kivuli limekuwa haradali. Hapo ndipo kisanduku kinapozaliwa.

Njia ya pili ni kisanduku cheupe. Kivuli cheusi kikiwa juu ya dhahabu, pleti ya dhahabu inapaswa kuendelea bila kutobolewa na wino mweusi kuchapwa juu yake. Faili hubeba amri ya kufanya hivyo. Printa nyingi za ofisini, na baadhi ya programu za kufungulia faili, huipuuza amri hiyo. Dhahabu hutobolewa, na karatasi nyeupe huchungulia kuzunguka kivuli. Hii ndiyo sababu nakala ya majaribio ya printa ya kawaida inaweza kuonyesha kosa ambalo mashine ya ofseti haitalifanya, au kuficha lile itakalolifanya.

Njia ya tatu inahusu mtindo wa kuchanganya rangi. Tukitumia mtindo wa kawaida, kivuli cheusi cha asilimia 30 hupunguza dhahabu iliyo chini yake hadi asilimia 70, kwa sababu kivuli hakina dhahabu na hesabu husoma kutokuwepo huko kama weupe. Tukitumia mtindo wa kuzidisha, dhahabu hubaki kamili na nyeusi huongezeka juu yake, jinsi kivuli kinavyotakiwa. Mtindo wa tofauti ni hatari zaidi. Wenyewe hutoa rangi moja katika nyingine, na nyeupe ukiitoa katika nyeupe hupata nyeusi. Ungeupeleka kwenye pleti ya dhahabu, kila mahali pasipo na dhahabu pangejaa dhahabu. Ili kuzuia balaa hilo, kanuni za PDF zinaagiza mtindo wa namna hiyo usitumike kwa rangi maalumu, na mtindo wa kawaida ushike nafasi yake. Msanifu ameona kitu kimoja kwenye skrini. Pleti imepokea kingine.

Wataalamu hawakukaa kimya. Mwaka 2001 toleo la PDF 1.4 liliuruhusu uangavu ubaki hai ndani ya faili. Mwaka huo huo, hata hivyo, kiwango cha kimataifa cha PDF/X-1a kiliupiga marufuku katika faili za kuchapa, kwa kuwa mitambo mingi ilikuwa bado ya PostScript. Mwaka 2006 Adobe ilitoa mtambo wa programu unaosoma PDF moja kwa moja bila kuipitisha kwenye PostScript, na mwaka 2008 kiwango cha PDF/X-4 kikaruhusu uangavu usafiri ukiwa hai hadi kiwandani. Hesabu sasa inaweza kufanywa mwishoni kabisa, na mashine inayojua ina pleti ngapi na wino gani.

Hata hivyo, kiwandani bado kunaweza kuwa na mtambo wa zamani, na faili bado inaweza kubeba makosa yake. Kwa hiyo, msanifu, kabla ya kuanza kazi muulize mchapaji wako kama anapokea PDF/X-4 na kama mashine yake inamudu rangi ya tano. Weka vivuli kwa mtindo wa kuzidisha. Ipe kila rangi maalumu jina moja tu, maana nembo ambayo rangi yake imeitwa "Dhahabu" na maandishi ambayo rangi yake imeitwa "Pantone 871 C" vitatoa pleti mbili kwa wino mmoja. Kisha fungua dirisha la kutazama pleti katika programu ya InDesign au Acrobat Pro, uzizime moja baada ya nyingine. Pleti ya dhahabu ikionyesha tundu penye kivuli, umelikamata kosa likiwa bado halijagharimu karatasi hata moja.

Nawe mchapaji, mwonyeshe mteja pleti hizo kabla hajatia saini. Ukaguzi huo huchukua dakika chache. Kuchapa upya kadi zote kunagharimu wino, karatasi na heshima ya kazi yenu nyote wawili.