EspÃ©rance si jina: juu ya nini herufi zenye aksenti zinaharibika ku intaneti

Mama mumoja alifika hapa ku radio siku moja asubui, telefone mukononi, macho mekundu. Jioni ya mbele tulikuwa tumesoma hewani majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao njiani wakati watu walikimbia, na orodha ileile tukaiweka hapa ku ukurasa wetu. Mutoto wake mukubwa, anayeishi Kampala, alifungua orodha, akaandika jina la dada yake mahali pa kutafutia, hakupata kitu. Akamupigia mama yake simu: «Mama, hayuko.» Mama hakulala usiku ule.

Lakini mutoto alikuwa ku orodha, mustari wa kumi na moja. Anaitwa Espérance. Sisi tulikuwa tumeandika EspÃ©rance.

Mutu anayesoma pole pole na macho yake angemuona. Telefone haisomi vile. Ukiiambia itafute Espérance, inatafuta Espérance, na EspÃ©rance kwake ni neno lingine kabisa. Tangu siku ile wengi wanatuuliza hizi alama za ajabu zinatoka wapi, kama ni virusi, kama mutu aliingia mu ukurasa wetu kwa uwizi. Hapana. Tuifungue hii mambo.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kila herufi unayoandika inawekwa kama namba, na mutu anayeisoma kule mbali anahitaji jedwali ya kugeuza namba kuwa herufi tena. Fikiri mwalimu anayeita wanafunzi kwa namba zilizo mu daftari ya mahudhurio. Mu darasa la tatu namba 14 ni Furaha. Mwalimu akiingia kwa makosa na daftari ya darasa la nne, akaita namba 14, atataja jina lingine. Furaha amekaa palepale ku benchi yake, hajabadilika. Ni daftari ndiyo siyo yake.

Shida ni kwamba dunia ilikuwa na daftari mingi. Ile iliyoenea mbele, ASCII, ilitoka Marekani mwaka wa 1963 na ilikuwa na nafasi 128 tu. Kwa Kiingereza zilitosha. é haikuwa na nafasi. Mwaka wa 1987 kukatoka ISO 8859-1, ambayo watu wa kazi hii wanaita Latin-1, yenye nafasi 256, na mule é ikapewa namba 233. Wafaransa wakafurahi nusu, kwa sababu œ ya neno «cœur» ilisahauliwa. Windows ikaiongeza mu daftari yake yenyewe, Windows-1252. Warusi wakawa na zao, Wagiriki zao, Waarabu zao, na namba moja ikawa na maana tofauti kila mahali.

Daftari moja ya dunia yote, Unicode, toleo lake la kwanza lilitoka 1991. Na namna ya kuandika namba zake ambayo karibu kurasa zote za intaneti zinatumikisha leo, UTF-8, iliwazwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, wakiwa mu restorani moja ya New Jersey. Ujanja wao ni huu: zile herufi 128 za zamani zinabaki na namba moja kila moja, kama zilivyokuwa, na herufi zingine zote zinachukua namba mbili, tatu ao ine zikifuatana. Kwa hiyo é mu UTF-8 ni namba mbili, 195 na 169. Sasa programu ikizisoma na daftari ya Windows-1252, inaona 195, inaandika Ã. Inaona 169, inaandika ©. Ndiyo ile Ã© yetu. Hakuna kitu kilichopotea. Namba ni zilezile, muzima kabisa.

Hapa kuko jambo moja linalogusa sisi wenye kuandika Kiswahili. Herufi zetu zote, a mupaka z, ziko ndani ya zile 128. Ndiyo maana habari nzima ya Kiswahili inaonekana safi, muandishi anaisoma tena, haoni kosa, anaituma. Ugonjwa unajificha mu majina ya watu tu: Noëlla anakuwa NoÃ«lla, François anakuwa FranÃ§ois, Aimé na Désiré vilevile. Yaani mahali tunapopaswa kuwa waangalifu zaidi, ndipo macho yetu yanapita haraka. Kwa Kiswahili chenyewe kosa linaingia kwa mulango mumoja, ile apostrofi ya ng'ombe. Programu ya Word inaipindisha yenyewe ili ipendeze, na ile iliyopindwa haimo mu zile 128. Ukiona «ngâ€™ombe», ujue ametoka mu Word. Wenzetu wanaoandika Lingala na ɛ na ɔ wanateseka kupita sisi: «mbɔtɛ» inageuka «mbÉ”tÉ›», na hizo herufi mbili hata Latin-1 haikuwa nazo.

Namna gani kutengeneza? Mbele ya kugusa kitu, angalia alama inayoonekana, kwa sababu kila moja inaeleza ugonjwa wake. Ã© inasema: andiko ni la UTF-8, limesomwa na daftari ya zamani. Ile alama ya kuuliza ndani ya musumari mweusi, �, ni kinyume chake: andiko ni la zamani, é iliwekwa kama 233, na programu inataka kuisoma kama UTF-8, inashindwa. Hizo mbili zinapona. Lakini ukiona alama ya kuuliza ya kawaida, Esp?rance, mara mingi ni msiba: programu fulani ililazimishwa kuandika é mu daftari isiyokuwa nayo, ikaweka ? na kutupa namba ya kweli. Hapo itabidi urudie karatasi.

Swali la pili: ni ukurasa muzima unaoharibika, ao ni sehemu moja? Sisi tulikosea hapa. Fundi wetu, kijana wa kujitolea, tena mwenye akili, alipoona EspÃ©rance alibadilisha tangazo la daftari la ukurasa wote. Ndani ya dakika mbili habari zetu zote za Kifaransa, ambazo zilikuwa nzuri, zikaharibika pia. Kama mengine yote ku ukurasa uleule ni sawa, tangazo halina kosa. Ni andiko lenyewe liliingia tayari limeharibika.

Na kweli. Orodha ya watoto iliandikwa ku telefone, ikahifadhiwa kama CSV ya UTF-8, ikatumwa. Hapa ku ofisi mutu akaibonyeza mara mbili, Excel ikaifungua na daftari ya Windows bila kuuliza, akakopi majina, akayabandika mu ukurasa. Tangu pale Ã© ikawa herufi mbili za kweli mu ghala letu. Dawa ilikuwa kurudi ku faili ya kwanza. Mu Excel ya Kifaransa usibonyeze mara mbili. Pita ku «Données», chagua kuingiza faili ya texte/CSV, na pale «Origine du fichier» uweke 65001, Unicode (UTF-8). Majina yanatoka safi.

Kama faili ya kwanza imepotea, kuko njia ya kurudisha nyuma: bandika andiko mu Bloc-notes, lihifadhi na encodage ya ANSI, kisha lifungue tena ukichagua UTF-8. Unalirudisha ku njia ileile lililopitia. Ikiwa limeharibika mara mbili, utaona ÃƒÂ© badala ya Ã©, na unapaswa kurudi hatua mbili.

Kitu ambacho hakufai ni kutafuta Ã na kuibadilisha na é kwa mara moja. Mwenzetu mumoja alijaribu, tukapata «Espé©rance». Tena Ã ni mwanzo wa è, ç, ë na ô pia. Utawapa wote herufi moja. Mbaya zaidi ni à: inageuka Ã na nafasi tupu isiyoonekana, na mutu akifuta ile nafasi akifikiri ni uchafu, hakuna programu itakayoirudisha.

Kwa ukurasa ambao wote umeharibika, fundi aangalie mahali patatu. Ku mwanzo kabisa wa ukurasa, ndani ya namba 1024 za kwanza, pawe tangazo la meta charset="utf-8". Pili, kompyuta inayotuma ukurasa inaweza kutuma tangazo lake yenyewe mu Content-Type, na hilo linashinda lile la ukurasa. Wengi wanahangaika siku nzima kwa kutojua hilo. Tatu ni ghala: kwa MySQL chagua utf8mb4, siyo ile inayoitwa utf8 tu, maana inakomea ku namba tatu kwa herufi moja.

Kuko wanaosema: tuandike tu bila aksenti, ESPERANCE kwa herufi kubwa, shida imeisha. Naelewa, na mu haraka ya usiku nimefanya vile. Lakini jina si letu. Mutu akienda kupokea pesa na karata yake ina jina lingine herufi moja, ni yeye anayerudishwa nyumbani, siyo sisi.

Orodha ya watoto tuliitengeneza siku ileile, na kaka wa Kampala alipotafuta tena alimuona dada yake. Sasa tunapitia orodha za zamani, moja moja. Kuko kumi na mbili zenye ? ambazo tunazirudisha kwa kuangalia daftari za mukono za waandishi wetu. Ndugu musomaji, ukiona jina lako ao la mutu wako na alama isiyo yake, tuandikie kichwa cha ukurasa na namna jina linavyoandikwa ku karata ya uchaguzi. Na ninyi munaotutumia majina toka vijijini, pigeni pia picha ya karatasi, muitume pamoja na faili.