Kasha la Siri na Hewa ya Sugoi

Ndani ya kasha la Zanzibar, lile la msaji lililopambwa kwa misumari ya shaba, huwa kuna kisanduku kidogo upande mmoja, chenye kifuniko chake. Wengi huishia hapo. Lakini katika makasha mengi ubao wa mbele wa kisanduku hicho huinuka ukivutwa juu, na nyuma yake zimejificha droo mbili tatu za kuwekea vito na hati.

Mafundi wa Hakone, Japani, wameufikisha mbali ufundi wa aina hiyo. Sanduku lao la siri, himitsu-bako, halina hata tundu la ufunguo. Vibao vya ubavuni husogezwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikimfungulia mwenzake njia. Mengine hufunguka kwa hatua 4, mengine 21, na yapo yanayopita 70. Viungo hufichwa na nakshi ya yosegi, vipande vya miti ya rangi mbalimbali, kazi iliyoanzishwa na Ishikawa Nihei katika kijiji cha Hatajuku, karne ya 19.

Siri zote hizi hutegemea unyevu wa hewa. Kuta za seli za mbao hunyonya mvuke zikavimba, huutoa zikasinyaa, tena si sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi, ubao haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa upana, ukiwa umepasuliwa kufuata mviringo wa gogo, husinyaa takriban mara 2 zaidi ya uliopasuliwa kuelekea kiini. Hata msaji, mti unaosifiwa kwa utulivu, si salama: ubao wa kufuata mviringo wenye upana wa sentimita 30, unyevu wake ukishuka kutoka asilimia 15 hadi 10, hupungua karibu milimita 3.

Sasa lipandishe kasha hilo kutoka pwani hadi Sugoi, nje ya Eldoret, karibu mita 2,000 juu ya bahari, Januari, kiangazi kimekolea. Kibao cha siri kitalegea, na ufa mwembamba utaonyesha kilipojificha. Mvua za Aprili zikishika, kitabana tena. Ole wake atakayekipiga randa wakati huo! Kiangazi kikirudi, hakitashika kabisa.

Fundi wa Sugoi anayetaka kujaribu kuunda sanduku la siri kwa saipresi aanze na subira: mbao zikae wiki kadhaa ndani ya chumba litakamotumika sanduku, achague zilizopasuliwa kuelekea kiini, na vibao vinavyoteleza avipake nta, si gundi wala vanishi nzito.