Je, Wajua? Sakafu Mbili Hukutania Chini ya Mlango

Mahali pazuri pa kuunganisha sakafu mbili ni chini ya mlango ukiwa umefungwa. Aliye sebuleni huona marumaru tu, aliye chumbani saruji tu. Marumaru ya milimita 8, pamoja na gundi yake ya kugandishia, huweza kupanda zaidi ya sentimita moja juu ya saruji ya chumba cha pili, kiasi cha kumkwaza mzee usiku. Fundi makini hupima kimo hicho kabla ya kupiga sakafu.

Mbao ndizo kaidi. Hutanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu kidogo mno, kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika. Ubao uliokaa kwenye ukungu wa Mbaga, juu milimani Upare, utasinyaa ukiteremshwa Same mjini kwenye ukavu. Uache kwanza siku kadhaa ndani ya nyumba utakamowekwa. Kisha bakiza mwanya wa milimita 8 hadi 10 kati yake na marumaru, uufunike kwa ukanda wa aluminiamu. Skrubu zishike zege lililo chini ya mwanya, zisiguse ubao. Wapo wanaoujaza mwanya huo saruji ili paonekane nadhifu. Ubao ukitanuka, hubinuka.