Gari Liangamiapo, Je, na Kodi Yalipwa?

Jamaa zetu wengi waliohamia Marekani huendesha magari si kwa fahari bali kwa dharura, kwani mahali pengi huko mabasi hayatoshi, na pasipo gari mtu hafiki kazini wala watoto hawafiki madrasa. Siku gari ligongwapo hata likawa halitengenezeki, nyumba nzima hutikisika. Kampuni ya bima hutoa kauli yake: gharama ya kulitengeneza yapita kiasi, basi tutakulipa kima chake. Barua huja, na chini yake pana mahali pa kutia sahihi. Hapo ndipo tumwombapo msomaji asifanye haraka.

Tuchukue mfano. Mtu alikuwa na gari ambalo kabla ya ajali lilikuwa na thamani ya dola 10,000. Kampuni yamhesabia dola 10,000, naye aona amelipwa kamili. Lakini aendapo kununua jingine mfano wa lile, fedha zile hazimtoshi. Katika jimbo la California kodi ya mauzo haipungui asilimia 7.25, na katika miji mingi huzidi. Kwa hivyo zatakiwa dola 725 juu ya bei, kisha ada ya kuhamisha hati ya milki. Atazitoa wapi? Huenda zikawa ndizo zile alizoziweka kwa pango la nyumba.

California imeliona jambo hili. Kanuni zake za bima, fungu la 2695.8, zaiamuru kampuni ilipapo fedha taslimu itie ndani yake kodi na ada za kuhamisha milki ya gari la mfano ule. Hata ada ya mwaka huhesabiwa kwa muda uliobaki katika usajili wa gari lililoharibika. Na mwenyewe akipenda kubaki na mabaki ya gari, hukatwa thamani ya mabaki hayo na kodi ya sehemu hiyo tu, si kodi yote.

Lakini Marekani ni majimbo, na kila jimbo lina sheria yake. Huko Illinois mtu hulipwa kwanza thamani ya gari. Kodi na ada hurudishiwa baadaye, endapo amenunua gari jingine katika siku 30 tangu kupokea malipo, na hati za ushahidi ziifikie kampuni katika siku 33. Siku hizo zikipita, kampuni hailazimiki tena. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Chicago iliamua, katika kesi iliyotoka jimbo hilo hilo, kwamba mtu ambaye hakununua gari jingine hana haki ya kudai gharama hizo. Florida nayo yairuhusu kampuni kuichelewesha kodi mpaka itakapokuwa imekwisha kumpasa mwenye gari. Ama Oregon na Montana, huko hakuna kodi ya mauzo, basi hapana la kugombania.

Wenye kampuni husema: kwa nini tulipe kodi ambayo mtu hakuitoa? Hoja hii ina uzito wake. Lakini sisi twaona njia ya California ni ya insafu zaidi, kwa kuwa tajiri aweza kutanguliza kodi akangoja kurudishiwa, na maskini hawezi. Naye ndiye siku 30 zimpitazo akiwa bado atafuta gari la bei aiwezayo.

Basi mwenye gari na aitake kampuni imwandikie hesabu mbalimbali: thamani ya gari peke yake, kodi peke yake, ada peke yake, na kile kiasi ambacho mkataba wake wamtaka akibebe mwenyewe. Haya ni juu ya bima yake. Akidai kwa kampuni ya yule aliyemgonga, kanuni zaweza kuwa nyingine. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, aliyekopesha hulipwa kwanza, na mwenye gari hupata kilichosalia, na mara nyingine hakisalii kitu.