Kuku wa Nyama: Mwili Uliouacha Moyo Nyuma

Mara nyingine mfugaji wa kuku wa nyama huingia bandani asubuhi akamkuta kuku mmoja amelala chali, amekufa. Hana jeraha, wala jana yake hakuonyesha dalili ya maradhi. La kustaajabisha ni kwamba kuku afaye hivi aghalabu ni jogoo, tena miongoni mwa walionenepa kuliko wenzao. Yawezekanaje aliyestawi kuliko wote awe wa kwanza kufa?

Jibu limo katika urithi wake. Nchini Marekani, hasa tangu mashindano ya kitaifa ya 1948 ya kumtafuta kuku mwenye nyama nyingi, wataalamu wamechagua, kizazi baada ya kizazi, kuku wakuao upesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipima matokeo ya kazi hiyo. Waliwalea pamoja kuku wa koo tatu: mbili zilizohifadhiwa kama zilivyokuwa mwaka 1957 na 1978, na moja ya mwaka 2005. Wote walipewa chakula kile kile. Kwa mujibu wa taarifa yao ya 2014, siku ya 56 kuku wa 1957 alikuwa na uzito wa wastani wa gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Kwa kuwa chakula kilikuwa kimoja, tofauti hiyo ilitokana na urithi, wala si dawa za kukuzia kama wengi wadhanivyo.

Nyama ikiongezeka, mahitaji ya oksijeni nayo huongezeka. Upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwenda mapafuni. Lakini mapafu ya ndege yameshikamana na mbavu, na mishipa yake midogo haitanuki sana. Damu inapozidi, shinikizo hupanda, na moyo hutanuka hadi ukashindwa kazi. Hapo majimaji huvuja kutoka kwenye ini na kujaa tumboni. Baridi huongeza mahitaji ya oksijeni, na hewa ya nyanda za juu ina oksijeni haba. Kwa hiyo maradhi haya huzidi katika sehemu hizo. Kwa yule afaye ghafla, mapigo ya moyo huvurugika, na kifo huja kwa dakika chache.

Miguu nayo huelemewa. Mifupa ambayo haijakomaa hubeba uzito wa kuku mkubwa. Kuku achechemeaye hushindwa kuyafikia maji, akakaa kutwa juu ya maranda yaliyolowa. Kinyesi kilichomo humo hutoa amonia, ambayo huwasha macho na kudhuru mapafu. Unyevu wake huchubua nyayo na kifua.

Mfugaji hawezi kuubadili urithi wa vifaranga alivyonunua, bali aweza kuwapunguzia mzigo. Giza la usiku huwapumzisha na kupunguza kasi ya kukua siku za mwanzo, mifupa na moyo vikapata nafasi ya kukomaa. Kanuni za Umoja wa Ulaya za 2007 zadai saa 6 za giza kila siku, 4 kati yake zikiwa mfululizo, na amonia isiyozidi sehemu 20 katika milioni ya hewa.

Shule yenye banda haihitaji chombo cha thamani ili kuanza uchunguzi. Mwanafunzi na achutame hadi kichwa chake kiwe kimo cha kuku, avute pumzi; macho yakiwasha, hewa haifai. Kisha afumbate maranda mkononi: yakishikamana kama tonge baada ya kuachiwa, yamelowa mno. Tena awatazame kuku wakitembea, ahesabu wachechemeao, na kuandika idadi yao kila juma pamoja na uzito. Daftari lenye uzito peke yake huonyesha nusu tu ya hali ya banda.