Mwongozo wa Mfukoni wa Daktari wa Afya ya Kazini

Mwongozo wa mfukoni ni kitabu kidogo ambacho daktari hukifungua mgonjwa akiwa bado mbele yake, ili ahakiki dozi, dalili au kipimo ambacho si salama kukiachia kumbukumbu. Mfano bora katika tiba ya kazini, yaani fani ya maradhi yatokanayo na kazi, ni mwongozo wa kemikali hatari uliotolewa kwanza mwaka 1978 na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini. Humo kila kemikali huelezwa inavyoingia mwilini, viungo inavyovidhuru na huduma ya kwanza yake. Kwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, kiwango kinachopendekezwa ni wastani wa sehemu 35 katika kila sehemu milioni za hewa kwa zamu nzima, ilhali sehemu 1,200 ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Hata hivyo, mwongozo haumfai daktari asiyeuliza: Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alihimiza katika kitabu chake cha mwaka 1700 kwamba mgonjwa aulizwe kazi yake, kwani bila swali hilo, ambalo kwa masikitiko husahaulika penye foleni ndefu, mfanyakazi aliyevuta moshi wa jenereta, anayelalamikia kichwa na kichefuchefu, huweza kutibiwa malaria.