Sindano ya Kupunguza Mwili Haiuzwi Saluni

Majuzi nilikwenda kumjulia hali mama mdogo. Ana kisukari kwa miaka mingi, anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na mwili anao, kama nilivyo nao mimi. Nilimkuta kitandani, uso umemsawajika, ndoo iko pembeni. Ilikuwa siku ya tatu anatapika. Alfajiri ile alitokwa jasho, akatetemeka, nusura aanguke bafuni. Binti yake alipompima sukari akakuta imeshuka mno, akamnywesha chai yenye sukari nyingi, ndipo akapata nafuu.

Chanzo nilikiona kwenye mlango wa friji: kalamu ya sindano ya kupunguza mwili, haina boksi wala karatasi ya maelezo. Aliuziwa saluni. “Mwenzangu amepungua kilo nane,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Nami nilitaka nipungue kabla ya harusi ya mwanangu.”

Tulimkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu, na leo hajambo. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza: ni wangapi mjini humu wana kalamu kama ile kwenye friji zao, na hawajamwambia mtu?

Kwanza tuelewane. Sindano hizi si uganga wala si utapeli. Ni dawa za kweli. Ukila chakula, utumbo wako hutoa homoni inayoiambia kongosho itoe insulini, inayolipunguza kasi tumbo lisimwage chakula upesi, na inayoupa ubongo habari kwamba umeshiba. Homoni hiyo ya asili haidumu mwilini, huisha baada ya dakika chache. Kazi ya wanasayansi ilikuwa kutengeneza kitu kinachofanana nayo lakini kinachokaa. Mwaka 1992 daktari Mmarekani, John Eng, alikikuta kitu cha namna hiyo kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani aitwaye Gila, na kutokana nacho ikapatikana dawa ya kisukari iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Zilizofuata zina nguvu zaidi. Semaglutide iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari, kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa ajili ya unene, kwa jina la Wegovy. Tirzepatide, inayoiga homoni mbili badala ya moja, ilifuata mwaka 2022 kwa jina la Mounjaro. Zote hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa juma, tumboni, pajani au kwenye mkono wa juu.

Je, zinafanya kazi? Zinafanya. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2021, watu wazima 1,961 walifuatiliwa kwa majuma 68. Waliopewa semaglutide walipungua kwa wastani wa asilimia 15 hivi ya uzito wao. Waliodungwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2 na ushei. Yaani mtu wa kilo 100 anabaki na kilo 85. Mwaka 2023 utafiti mwingine wa watu zaidi ya 17,000 wenye maradhi ya moyo na uzito uliozidi ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 hatari ya kufa kwa moyo au kupata shambulio la moyo au kiharusi. Kwa hiyo anayesema ni dawa ya urembo tu, amekosea.

Sasa ni dawa ya nani? Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawe tena kwa urefu huo huo. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 85 anapata 31. Kwa kawaida dawa hizi hupewa mtu mzima aliyefika 30, au aliyefika 27 na tayari ana presha, kisukari au maradhi mengine yanayoletwa na unene. Mwenye urefu huo huo na kilo 70, anayetaka tu gauni limkae vizuri, hayumo.

Wapo pia wasiopaswa kuzigusa kabisa. Mjamzito asitumie, na anayetaka kushika mimba aache semaglutide angalau miezi miwili kabla. Anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba tirzepatide inaweza kuvipunguzia nguvu. Mwenye saratani fulani ya tezi ya shingoni katika ukoo wake hazimfai. Aliyewahi kuugua kongosho amweleze daktari kabla ya yote. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini, au vidonge vinavyoilazimisha kongosho kutoa insulini, hupunguziwa dozi ya dawa zake za zamani, la sivyo sukari inaweza kuporomoka. Hapo ndipo alipokwama mama mdogo.

Kosa lake la pili lilikuwa haraka. Semaglutide ya unene huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa juma, muda wa majuma manne, kisha 0.5, halafu 1, halafu 1.7, hadi kufikia 2.4. Hapo ni karibu miezi minne ya kupanda ngazi, ili tumbo lizoee. Yeye alidungwa siku ya kwanza dozi aliyokuwa amefikia mwenzake. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watu waliojidunga mara 5 hadi 20 ya kipimo chao, kwa sababu walivuta dawa kutoka kwenye vichupa kwa bomba la sindano bila kuelewa vipimo.

Hata anayefuata utaratibu anaweza kupata kichefuchefu, kuharisha au kufunga choo, hasa dozi inapopandishwa. Ale kidogo kidogo, apunguze mafuta, anywe maji. Lakini maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika kusikokoma, macho au ngozi kuwa ya manjano, au kuona kwa ghafla kuwa hafifu, hayo si ya kuvumilia nyumbani. Nenda hospitali. Na ukitarajia kufanyiwa upasuaji, mwambie mtaalamu wa usingizi kwamba unatumia sindano hii, maana tumbo linaweza kuwa bado na chakula.

Kuna na ubandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba semaglutide bandia ilikamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa huko ilipenya, saluni ya mtaani kwetu itaizuia vipi? Dawa hii huandikwa na daktari na kununuliwa famasi iliyosajiliwa, ikiwa na boksi lililofungwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe. Kalamu iliyoshinda kwenye mkoba wakati wa jua letu la mchana, hata kama ni halali, usiitumainie. Na kalamu haiazimwi, hata ukibadilisha sindano. Damu ya mmoja inaweza kumfikia mwingine.

La mwisho watu hawapendi kulisikia. Walioacha semaglutide, baada ya mwaka mmoja, walikuwa wamerudisha wastani wa theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Unene ni maradhi ya muda mrefu, na tiba yake vivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuanza, piga hesabu ya mfuko wako kwa miaka, si kwa mwezi mmoja. Na kwa kuwa pamoja na mafuta hupotea misuli, maharage, dagaa, mayai na mazoezi ya nguvu havina mbadala. Desemba 2025, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu dawa hizi, lilisema ziende pamoja na ushauri wa lishe na mazoezi.

Na mama mdogo je? Juma hili alirudi kwa daktari wake wa kisukari, safari hii akasema kila kitu. Daktari akamwambia kwamba huenda dawa hii inamfaa hasa, ila kwa dozi ya kuanzia, na baada ya kupunguziwa vidonge vyake. Alichokosea ni mlango aliopitia. Aliogopa kumwambia daktari kwa sababu alidhani atachekwa.

Ndugu msikilizaji, kama nawe una kalamu kwenye friji, kaiweke mezani kwa daktari wako. Aibu ya dakika moja ni afadhali kuliko kuanguka bafuni alfajiri.